Stelingi Ni Mmoja

Harufu ya sweta iliyonyeshewa hunirudisha Githurai 45. Wengine hurudishwa utotoni na mandazi ya mama zao au sabuni ya bibi. Mimi ni sufu mbichi inayokaukia mwilini mwa mtu, ikichanganyika na njugu za kukaanga na joto la televisheni iliyowashwa tangu asubuhi. Agosti iliyopita niliinusa ndani ya jumba la kisasa la sinema kando ya Thika Road, lenye viti vya kujinyoosha na popkoni za siagi. Mama mmoja aliyeketi mbele yangu alikuwa ametoka kwenye manyunyu, akavua sweta yake akaitandaza juu ya kiti. Sinema haikuwa imefika nusu. Niliondoka nikaenda kusimama chooni mpaka ikaisha.

Ngoja niwaeleze vizuri, msije mkanidhania mtu wa maringo. Mimi si mjuzi wa sinema. Naenda mara mbili au tatu kwa mwaka, na karibu kila mara ni Agosti, zile picha kubwa za Wazungu zinapofika: miji inaporomoka, bahari inapanda juu ya maghorofa, na mwanamume mmoja mwenye fulana chafu anaiokoa dunia yote kabla ya chakula cha jioni. Wenyewe huziita picha za kiangazi. Huku kwetu Agosti ni baridi ya kupasua midomo, mawingu yamelalia mashamba ya kahawa ya Ruiru wiki tatu bila kuinuka. Basi tangu utotoni nimewatazama watu wakicheza ufukweni karibu uchi, mimi nikiwa na sweta mbili na kofia ya kufumwa. Nina maoni machache kuhusu picha hizo. Zina kelele kupita kiasi, hazijui kuisha, na vumbi lake ni la uongo. Maoni hayo si yangu hata kidogo. Ni ya baba.

Baba alikuwa mchonga mawe katika machimbo ya upande wa Juja, mahali ambapo sote tulipaita kwari. Tuliishi Gatongora, chumba kimoja katika ploti ya milango kumi na miwili, na mlango uliofuata wetu ulikuwa wa mwenzake wa kazi, Wafula kutoka Bungoma, ambaye ploti nzima ilimwita Baba Nekesa. Walifanya kazi wawili wawili huko kwari. Mmoja anashika tindo juu ya jiwe, mwingine anapiga nyundo, na baada ya saa moja wanabadilishana. Baba alikuwa akisema kwamba mtu aliyekushikia tindo miaka sita bila kutikisa mkono, huyo umemjua kuliko ndugu yako wa tumbo moja. Nekesa, binti yake, alikuwa rika langu. Tulikuwa na miaka kumi, tulisoma darasa moja, na tulikuwa na ugomvi mmoja tu wa kudumu, kuhusu nani ana nywele ndefu.

Jumapili baada ya kanisa baba zetu walituchukua Githurai kwenye kibanda cha video. Kilikuwa cha mabati, chenye mabenchi sita na televisheni moja iliyofungiwa kwenye kizimba cha chuma kama kuku. Hakuna aliyesikia Kiingereza cha sinema, kwa sababu pembeni alikaa Karis, kijana mwenye maikrofoni, aliyetusimulia kila kitu kwa Kiswahili, Kikuyu na Sheng alivyojisikia. Karis hakutafsiri. Alitunga. Rais wa Wazungu akihutubia taifa lake, Karis alimfanya alalamikie bei ya unga. Majina ya wahusika pia aliyatoa yeye. Stelingi, yule shujaa mwenye sinema yake, alikuwa Kamau siku zote. Na rafiki wa stelingi, yule wa kumbebea begi na kumchekesha, Karis alimwita Wafula au Otieno.

Kila mtoto wa Githurai na Ruiru alizijua sheria za sinema kuliko amri kumi. Stelingi hafi. Anaweza kupigwa risasi, kuzama, kuangukiwa na daraja, lakini atatoka. Rafiki yake ndiye hufa, sinema ikiwa katikati, akishasema maneno mawili matatu mazuri ya kumpa stelingi hasira. Kibanda kizima kilicheka hapo, kwa kuwa Baba Nekesa alikuwa akisimama kwenye benchi lake na kupaza sauti, "Karis! Mbona mimi nakufa kila Jumapili?"

"Pole, mzee," Karis alijibu kwenye maikrofoni. "Script ndiyo inasema hivyo."

Baba alicheka mpaka akakohoa. Mimi pia nilicheka. Nekesa alicheka kuliko sote, maana baba yake alikuwa mtu wa kuchekesha na alijivunia jambo hilo.

Baba naye hakuweza kuvumilia ukuta wa sinema. Jengo likianguka alianza kunung'unika. "Hiyo jiwe haiwezi anguka hivyo," alisema, na watu wa mbele wakageuka. "Jiwe huongea kwanza. Inalia kidogo, inamwaga mchanga, ndiyo ikuje. Na huyo jamaa ametoka chini ya ghorofa na meno safi! Ngai!" Baba Nekesa alimwambia anyamaze, waache wazungu wa watu wafe kwa amani. Yeye hakujali mawe. Alichojali ni mbwa. Aliapa kwamba katika picha hizi jiji zima huangamia lakini mbwa wa stelingi hapotezi hata unyoya, na kila mbwa alipookolewa Baba Nekesa alifuta macho kwa mkono wa koti akisingizia vumbi.

Wenzetu wa ploti hawakuwa na nafasi ya kwenda Githurai. Kwa hiyo Jumatatu ilikuwa kazi yangu kuwasimulia watoto wote sinema, kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na milio ya bunduki kwa mdomo. Nilikuwa hodari. Nekesa alikuwa ameiona sinema ileile, lakini aliketi akanisikiliza kama ngeni kwake. Nikisema jambo fulani lilitokea, kwake lilikuwa limetokea. Hilo nataka mlikumbuke mnapofika mbele.

Ilikuwa Jumanne moja ya Agosti, shule zimefungwa, na manyunyu yalikuwa yameanguka siku nne mfululizo. Karibu saa tano asubuhi mtu wa bodaboda aliingia plotini bila kuzima injini akauliza kwa Mama Shiru ni wapi. Shiru ni mimi. Mama alikuwa anafua. Alinyanyuka na povu mikononi. Yule mtu alimtazama, akamtazama Mama Nekesa aliyekuwa ameketi naye wakipiga gumzo, akasema, "Na wewe pia, mama. Kwari imeanguka."

Sijui tulifikaje. Nakumbuka ukingo wa shimo, tope jekundu, na wanaume wakichimba kule chini kwa mitaimbo na mikono mitupu. Upande mmoja wa ukuta ulikuwa umeteremka wote. Kijiko, ile mashine ya kuchimba, kilichokuwa kikifanya kazi barabarani kililetwa mpaka ukingoni, lakini msimamizi wa kwari alikizuia. Uzito wake ungeangusha sehemu iliyobaki. Ilibidi kutoa jiwe moja moja. Watu wengine wote walikuwa wametoka mbio. Waliokuwa chini ya ukuta ni wawili, baba na Baba Nekesa.

Mama alitandaza leso wakaketi wote wawili, yeye na Mama Nekesa, mabega yakigusana. Hawakulia. Walishikana mikono tu na kutazama chini. Wanawake hawa walikuwa wakitumia jiko moja mwisho wa mwezi, na kila mmoja alijua mtoto wa mwenzake anapenda kipande gani cha nyama.

Kama saa saba, mzee mmoja kule chini aliinua mkono. Kila kitu kilinyamaza. Tukasikia. Ko, ko, ko. Kimya. Ko, ko, ko.

Sijawahi kusikia sauti nzuri kama ile, na sijawahi kusikia mbaya kama ile.

Mama aliruka. "Ni Baba Shiru! Huyo ni yeye!" Mama Nekesa naye alikuwa amesimama. "Ni wangu," alisema polepole. "Mimi namjua." Wakatazamana. Walipoketi tena, mama aliketi huku na Mama Nekesa kule, na katikati yao leso ilionekana yote, maua yake na maandishi yake. Maana msimamizi alikuwa amesema, akidhani amenong'ona, "Anayegonga ni mmoja. Huyo mwingine, sijui." Kila mtu alijua maana yake.

Mimi na Nekesa tulikuwa nyuma yao, kwenye lundo la kokoto. Nataka mnielewe, sikuwa mtoto mbaya. Nilikuwa mtoto ambaye baba yake yuko chini ya mawe, na nilitafuta kitu chochote duniani cha kushika. Maombi yalinikataa, nilianza Baba Yetu nikaishia katikati mara tatu. Kitu pekee nilichokijua kuanzia mwanzo hadi mwisho, kitu ambacho hakijawahi kuniangusha Jumapili hata moja, kilikuwa sheria za kibanda cha video.

"Huyo ni papa," Nekesa alisema. Kwao baba huitwa papa.

"Si yeye."

"Ni yeye. Anagonga tatu, anangoja nimfungulie. Kwetu hivyo ndivyo anabisha mlango."

"Baba yangu ndiye stelingi," nilimwambia. "Stelingi hafi. Papa yako ni rafiki ya stelingi."

Midomo yake ilikuwa myeupe kwa baridi. Halafu akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayeomba kitu dukani akijua huenda kimekwisha, "Shiru, haiwezi kuwa stelingi wawili?"

"Hapana," nikasema. "Stelingi ni mmoja."

Hakubisha. Ningelifurahi angebisha, angenipiga, angening'oa zile nywele tulizokuwa tukizigombania. Aliokota jiwe dogo, akainama, akaanza kugonga kwenye mwamba aliokuwa amekanyaga, ko, ko, ko, ili baba yake ajue amesikika. Nikamshika mkono. Nililitoa lile jiwe kiganjani mwake nikalitupa. Nilimwambia asimjibu baba yangu, kwa kuwa papa yake ameshakufa.

Baada ya hapo alikunja mikono ndani ya sweta.

Sauti iliendelea kwa muda mrefu. Wakati mwingine ilipotea na wanaume wakachimba kama wenda wazimu, kisha ikarudi na wakajua waelekee wapi. Ilipofika kama saa tisa milio mitatu ikawa miwili, halafu mmoja. Halafu hatukusikia tena. Mama alianza kupiga kelele wamwambie baba asilale. Alipiga kelele mpaka sauti ikakauka, na Mama Nekesa, kutoka upande wake wa leso, alipiga kelele hizo hizo.

Walimtoa baba kwanza, saa kumi na moja. Niliona kwanza mguu uliokuwa umegeukia mahali ambapo mguu haugeukii, kisha uso wa kijivu mtupu, meno, kope, kila kitu kijivu. Jicho moja likafunguka. Mama aliteremka shimoni kwa makalio, leso ikabaki nyuma. Nami nilifanya jambo ambalo nimelificha hadi leo. Niligeuka nikamtazama Nekesa, na nilimtazama kama mtu aliyeshinda.

Baba Nekesa alitolewa muda mfupi baadaye. Walimfunika kwa makoti mawili.

Watu walimwambia Mama Nekesa kwamba mumewe alikufa palepale, ukuta ulipoanguka, hata hakujua. Walimwambia kwa mapenzi, ili apate usingizi. Mchungaji alilisema kanisani, msimamizi akalirudia, na mama yangu, ambaye alikuwa hajaweza kumtazama rafiki yake usoni, alilisema mara nyingi kuliko wote. "Hakuumia, Mama Nekesa. Hakuumia hata kidogo."

Siku ya kuusafirisha mwili kwenda Bungoma, vyombo vyao vyote vilipakiwa kwenye lori pamoja na jeneza, kwa kuwa hawakuwa wanarudi. Nekesa alikuja mlangoni kwetu akiwa na viatu vya kanisani. Aliuliza baba yangu anaendeleaje huko hospitalini Thika. Nilisema watamkata mguu lakini ataishi. Akaitikia kwa kichwa.

"Ulisema ukweli," akaniambia. "Alikuwa mmoja."

Nikasema ndiyo. Akaenda.

Baba alirudi nyumbani Novemba na mguu mmoja. Mikono yake ilikuwa imefungwa bendeji mpaka kwenye viwiko, na mama alimlisha uji kwa kijiko hadi baada ya Krismasi. Vidole vinne havikukunjika tena vizuri. Akaja kuuza mboga kwenye kibanda pale Gatongora, anafunga mafungu ya sukuma wiki kwa vidole vilivyobaki na meno. Githurai hakukanyaga tena. Nilipomwomba anipeleke kuona picha mpya alisema zile sinema zinaisha mapema mno, mtu akishatoka shimoni tu, basi, taa zinawaka. Nilidhani ni maoni yake kama yale mengine.

Miaka imepita. Nimeolewa Juja, nina mtoto. Kila Agosti naenda kuziona zile picha, sijui kwa nini, labda kama ulimi unavyorudi kwenye jino bovu. Nimeona mastelingi wakitolewa chini ya majengo mara nyingi nisizoweza kuhesabu, na watu wakipiga makofi, na kila mara macho yangu yako kwa yule mwingine, yule wa katikati ya sinema, ambaye mkewe na watoto wake hawaonyeshwi. Niliishi na aibu ya nilichomwambia Nekesa, lakini nilijifariji kwamba angalau sikusema uongo. Nilikuwa mkatili, lakini nilikuwa sahihi.

Jumapili iliyofuata siku ile niliyojificha chooni, nilimtembelea baba. Tulikuwa wawili tu, mama ameenda kwenye chama. Sijui nilipata wapi ujasiri. Nilimuuliza kama kule chini alikuwa akitusikia.

"Nilisikia kila kitu," alisema. "Nilisikia mama yako akipiga nduru."

"Ndiyo maana ukawa unagonga."

Aliniangalia kama niliyeongea Kichina. Kisha akainua ile mikono yake, akaiweka mezani mbele yangu, vidole vikiwa vimepinda kila kimoja kwa njia yake.

"Nigonge na nini, Shiru? Hii mikono yote ilikuwa imefinywa chini ya jiwe. Mimi saa hiyo ndiyo nilikuwa nimeshika tindo. Nyundo ilikuwa ya Baba Nekesa."

Nilivitazama vile vidole.

"Jiwe lilikuwa kwa kifua yake," baba alisema. "Mkono moja tu ndiyo ilikuwa huru. Aligonga mpaka ikaisha nguvu. Mimi namwambia pumzika, yeye anasema hapana, watachimba upande mbaya watuue wote. Kuna saa akaniambia ati amesikia mtu akijibu huko juu. Mara moja tu, halafu wakaacha. Alingoja sana hiyo jibu."

Nilimuuliza, kwa sauti ambayo haikuwa yangu, kwa nini hakutuambia miaka hii yote. Baba alishangaa. Alisema alikuwa na homa kule Thika, alisema mambo mengi, hakujua nani alisikia nini. Alisema alidhani tunajua. Mikono yake tuliiona sote. Tulimlisha.

Ni kweli. Mimi mwenyewe nilimshikia kikombe.

Mama Nekesa alipanda lile lori akiamini mumewe alikufa bila kujua lolote, na huenda bado anaamini. Nekesa aliondoka akiniamini mimi. Nimemtafuta. Nimeandikia kila Nekesa Wafula niliyemwona kwenye simu, na Mungu anajua huko Bungoma ni wengi kama mahindi. Mmoja alinijibu kwa upole kwamba baba yake ni mzima, anachunga ng'ombe. Baba hakumbuki kijiji chao, ila kulikuwa na mto karibu. Msimamizi alishafariki, ploti ilibomolewa ikajengwa ghorofa, na hakuna mtu wa kuuliza.

Nimefika mahali sina njia nyingine isipokuwa hii ya kuwaambia ninyi. Yeye sasa ni mwanamke wa umri wangu. Kovu dogo kwenye nyusi ya kushoto, tulianguka pamoja kutoka kwenye ukuta wa shule. Akicheka hufunika mdomo. Mkikutana naye, msiniombee msamaha, nitauomba mwenyewe siku nikipata nafasi. Mwambieni tu kwamba siku ile kwari alisikia sawasawa. Aliyegonga alikuwa papa yake.